Ngazi ya Sentimita Sabini

Darshana alichora ramani za maghorofa Kariakoo, miaka ile nyumba za udongo zilipokuwa zikibomolewa kila mtaa. Haruna, mwenye kiwanja, alimletea mchoro wa kompyuta wa mtu mwingine ili auchape. Upana wa ngazi uliandikwa mita moja na nusu, lakini Darshana alipoupima kwenye mchoro, ulikuwa sentimita sabini. Mchoraji yule hakuwa amesogeza mstari. Alikuwa amefuta namba ya kweli akaandika yake. Darshana akamwonyesha Haruna.

"Nikiipanua napoteza fremu mbili za duka, dada."

"Na moto ukiwaka, wa juu watashukia wapi?"

"Wewe chapa tu."

Darshana akairudisha namba ya kweli, akachapa. Haruna alipoiona sabini, aliiacha karatasi mezani akaenda kutafuta mchoraji mwingine. Hakwenda mbali kabla ya kumpata.