Mkalimani wa Sinema ya Serikali

Karani Kulmiye hakumpenda mkalimani wa sinema ya serikali, maana Amino, mkewe, alimsikiliza mdomo wazi. Kabla ya kila sentensi mtu yule alifuta midomo kwa leso nyeupe, akashika kipaza sauti kwa vidole viwili kama kikombe cha chai moto. Kwa sababu ya kafyu, filamu ilionyeshwa mchana, mablanketi yametundikwa madirishani. Sauti ya Kiingereza ikasema wafugaji wote ni shifta, waasi wenye bunduki. Mkalimani akafuta midomo mara mbili.

“Wafugaji wachache ni shifta.”

Askari aliyesimama mlangoni akamgeukia Kulmiye. “Karani, wewe unajua Kiingereza. Amesema sawa?”

Wivu ulimwambia aseme hapana.

“Neno kwa neno, afande.”

Amino akashusha pumzi, akatabasamu. Macho yake yalikuwa kwa mkalimani.