Fulana ya Chuma na Kochi la Bibi Motrya

Solomiya alipanga vitabu katika maktaba moja ya jiji la Kharkiv. Mpaka vita vilipoanza, mzigo mzito kuliko yote aliyowahi kubeba ulikuwa kamusi ya juzuu kumi na moja, nayo aliibeba juzuu moja moja. Alipojiunga na watu wa kuwahamisha wazee kutoka vijiji vilivyo karibu na mapigano, alikabidhiwa fulana ya kuzuia risasi, akafurahi kitoto. Katika filamu, shujaa hupigwa risasi kifuani, hurushwa hatua tatu nyuma, kisha huinuka, hujipangusa vumbi na kuwasha sigara.

Mkufunzi alimharibia raha. "Bamba la chuma lililo ndani linafunika moyo na mapafu tu, binti. Tumbo ni lako, shingo ni yako. Risasi haikurushi popote, ila mbavu utazisikia mwezi mzima. Halafu limepindwa lifuate kifua, nawe umelitia kinyume. Hapo umejivalisha bakuli."

Asubuhi moja ya Oktoba, yeye na dereva wake, Tymofiy, walimfuata kijijini Bibi Motrya, ambaye alikwisha kuwafukuza wenzao mara mbili. Barabara ingefungwa saa sita mchana.

"Asipotoka leo, hatoki tena," Tymofiy alisema.

Garini Solomiya alitunga hotuba nzuri sana. Alipofika mlangoni akihema chini ya kilo kumi na mbili za fulana, hotuba ikawa neno moja.

"Shikamoo."

"Marahaba, kobe wangu. Siendi. Nyanya zangu nilizozitia chumvi chupani nimwachie nani?"

Solomiya alibembeleza, akashindwa, akageuka kuondoka.

"Keti kwanza, mjukuu wangu. Msafiri haondoki bila kuketi kimya kidogo. Ni mkosi."

Hilo hakuna anayelikataa kule. Kosa la Solomiya lilikuwa kuacha kigoda na kuchagua kochi. Kochi kuukuu likammeza. Alipotaka kuinuka, bamba la mbele lilimgonga kidevuni, la nyuma likamvuta. Akajaribu tena, akapinduka chali, miguu ikipapasa hewa. Hakuna filamu iliyomwonyesha shujaa akishindwa na kochi.

Bibi Motrya alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Akamshika mikono, akavuta, akateleza, akaangukia kando yake. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, kimya. Mbali, mzinga ukalia.

"We mtoto, ukianguka hivi njiani, nani atakuinua?"

"Tymofiy."

"Yule? Hata honi anaipiga kama anaomba radhi!" Bibi akajikongoja, akasimama. "Tena nimeshaketi kama msafiri. Nikibaki sasa, mkosi ni wangu. Haya, shika chupa zile, usizivunje."

Saa tano na nusu gari liliondoka. Bibi alikuwa amevaa fulana ya akiba, akilalamika kwamba inabana. Solomiya alipakata chupa za nyanya.

Siku hizi wenzake maktabani wakimuuliza kama fulana ile imewahi kuokoa maisha, hujibu ndiyo, mara moja, na aliyeivaa alikuwa amelala chali.