Viganja vya Dobi

Zamani mtu alinunua mshumaa ili aone anachokula, siku hizi anaununua ili afumbe macho. Nimetengeneza mishumaa miaka arobaini na miwili, elimu ya nta nikiiokota katika vitabu vilivyotupwa na shule. Waliokuwa wakisomea mwanga wangu wamekwisha. Katika wateja wa mwisho namkumbuka dobi wa mtaa wa nyuma.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Kutwa alisimama kwenye mvuke, akinyoosha kola kwa vidole kabla hazijapoa. Mkewe alishona vifungo katika chumba hichohicho. Walikuwa wameoana miaka kumi na minane.

Siku moja alinunua mishumaa miwili ya nta ya nyuki, ile ya bei ya juu. Sikumuuliza ya nini. Wiki iliyofuata alirudi na mkewe, naye akaketi kwenye benchi bila kuegemea.

"Mzee, mshumaa wako ule ni wa kuunganishia mabomba?" mke akaniuliza.

Wakanieleza, mmoja akimkatiza mwenzake. Walikuwa na mchezo wao wa ndani, waliokubaliana wote wawili, wa kudondoshea nta mgongoni. Safari hii mume alitaka kumpa mkewe kitu bora. Mgongo ukatoka malengelenge matatu.

"Nilijaribu kwanza, mzee. Haki ya Mungu, nilijaribu kiganjani."

"Kiganja kipi?" mke akasema. "Hicho cha pasi? Hicho hata nyoka akikiuma atang'oka meno."

Nilicheka peke yangu. Dobi alitazama mikono yake.

"Amesema hatalala tena chini ya mkono wangu," akasema.

"Nimesema, na sijabadili," mke akajibu.

Nikawaambia ninachokijua. Nta ya nyuki huyeyuka kwa joto kubwa, haifai kwa ngozi. Inayofaa ni nta laini ya soya, isiyo na rangi wala manukato. Nta iliyotuama chini ya utambi, ndani ya kikopo, isimwagwe kamwe, maana hiyo imepikwa. Tone lidondoke kutoka juu, lipoe njiani. Ngozi ipakwe mafuta kwanza, uso na nywele viachwe kabisa, maji ya baridi yawe karibu. Na anayedondoshewa akisema basi, ni basi.

"Na kujaribu?" dobi akauliza.

"Wewe usijaribu. Mikono yako ilishakufa. Ajaribu yeye."

Dobi akasugua viganja vyake polepole, kama mtu aliyesomewa cheti cha daktari. Nadhani hakuwa amejua. Mvuke ulimla kidogo kidogo, wala hakuna aliyemwambia. Nami sikuona huruma wala hasira. Niliwaambia warudi Alhamisi.

Niliyeyusha nta ya soya, nikachovya kipimajoto humo, nikaitupa mara mbili, mara ya tatu nikaridhika. Kazi ile ningeifanya hivyohivyo kwa ajili ya msikiti au kanisa, lakini huko wameshaweka balbu.

Alhamisi walikuja mchana. Niliwasha mshumaa mmoja wa soya. Mke alikunja mkono wa blauzi, akaweka mkono mezani, upande wa ndani ukitazama juu. Dobi akashika mshumaa.

"Juu zaidi," mke akasema.

Akainua.

"Zaidi, bwana. Unaogopa nini, dari?"

Tone la kwanza likaanguka. Mke alifumba macho, akahesabu kimya, akabandua kipande kile kwa ukucha. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo, kisha ikarudi rangi yake.

"La pili," akasema.

Likaanguka la pili, na la tatu. Halafu akasema, "Basi." Dobi akageuza mshumaa pembeni papo hapo, nta ikamwagikia mkono wake mwenyewe, asihisi kitu. Mke akamtazama mkono ule kwa muda.

"Mzee, tufungie sita," akaniambia. "Na kipimajoto kama unacho cha ziada."

Niliwafungia kwa gazeti. Mke ndiye aliyebeba. Mlangoni alisimama, akaanza kumbandua mumewe nta mkononi, vipande vidogo vidogo, naye mume akauacha mkono hapo mpaka nta ikaisha. Wakaondoka kuelekea mtaa wa nyuma. Mwezi uliofuata nilifunga duka, sikuwaona tena.