Mkono Ulikuwa Katikati

Hawakumwita Mama Chuma kwa ajili ya nguvu. Walimwita hivyo kwa sababu akishasema neno, halipindi. Na tangu mume wake abanwe kati ya trekta na tela akafa, neno lake lilikuwa moja: shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyemuua. Alilisema msibani, akalisema sokoni, akalisema hata mbele ya mama mkwe, aliyewazaa wote wawili.

Shemeji ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha dereva siku ile. Hakuwa na jibu ila lilelile: "Mkono ulikuwa katikati, shemeji. Haki ya Mungu, ulikuwa katikati."

Trekta lile lina mkono mdogo chini ya usukani. Ukiusukuma, linakwenda mbele. Ukiuvuta, linarudi nyuma. Ukiuacha katikati, linasimama hata injini ikinguruma vipi. Kesho yake wanaume walikwenda kulijaribu. Likasimama, tulii, kama kondoo aliyefungwa. Basi watu wakasema, chuma hakina sababu ya kudanganya.

Trekta likaachwa bandani, na banda likapata mwenyewe. Mama Chuma akipita kuchukua kuni alimsikia mume wake akiita, vile alivyokuwa akimwongoza dereva: "Rudi... rudi... rudi..." Ile "basi" ya mwisho haikuja. Sauti ilikatikia hapohapo, kila mara. Hakumwambia mtu. Mwanamke anayesikia mambo bandani huonewa huruma, naye huruma ya watu hakuitaka. Kuni zake akazihamishia nyuma ya jiko.

Mwaka ambao shamba lilimshinda kwa jembe, alimeza mate machungu akamwita fundi wa matrekta. Fundi alikuwa mtu wa tumbo na maneno.

"Mama, hili ni trekta au banda la kuku?" aliuliza, huku akitoa mayai chini ya kiti.

"Kuku wangu hawadai mshahara. Fanya kazi."

Fundi akaweka betri, akatia dizeli, likakohoa likawaka. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akakinusa. Utani ukamtoka usoni.

"Nani alitia mafuta haya huku?"

"Kwani yana nini?"

"Ni ya injini, tena yalishatumika. Mama, kwenda mbele na kurudi kwa hili trekta ni kazi ya mafuta. Ndani ya klachi mna sahani nyembamba. Mafuta yakizisukuma, zinashikana, yakiondoka, zinaachana. Ukiyatia machafu, chujio likaziba, zinaungua. Zinajikunja. Halafu zinagandana, hata ukishaurudisha mkono katikati."

"Mafuta ni mafuta," alisema Mama Chuma, akajishika mdomo. Maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya marehemu, neno kwa neno, alivyomjibu mdogo wake kila alipomsihi anunue mafuta yanayotakiwa.

"Zinagandana wakati wote?" aliuliza polepole.

"Zikipata moto tu. Likiwa baridi halina neno."

Baridi. Siku ile lilivuta matela tangu alfajiri. Wanaume walilijaribu kesho yake, limelala usiku mzima.

"Kamwite shemeji yangu," alimwambia fundi.

Shemeji alikuja, akaishia mlangoni mwa banda.

"Panda."

"Shemeji, nichinje, lakini hapo sipandi."

"Nakuomba."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Shemeji akapanda.

Alizunguka shambani na tela lililojaa mawe, mpaka joto la gia likawa linampiga miguuni. Wakalifungua tela, trekta likasogezwa mbele kidogo. Pale mbele ya tela, mume wake aliposimama siku ile kuliunga, fundi akaviringisha pipa tupu. Sasa mtu lazima aite. Fundi alifungua mdomo. Mama Chuma akamnyamazisha kwa kiganja. Akasimama pembeni, mkono juu.

"Rudi... rudi... rudi... Basi!"

Shemeji akauweka mkono wa gia katikati, kisha akainua mikono yake yote miwili hewani, waione. Trekta likaendelea kurudi. Halikuwa na haraka. Lilirudi kama mtu anayejua anakokwenda. Pipa likalia, likakunjika kiunoni, ndipo mguu wa shemeji ukapata breki.

Shemeji akazima injini.

"Breki ya mkono sikuivuta siku ile," shemeji alisema akiwa bado juu. "Hilo ni langu."

"Hilo ni lako," alijibu Mama Chuma. "Mengine siyo." Akamgeukia fundi. "Fungua, toa hizo sahani. Na mafuta yawe yale yanayotakiwa." Kisha, bila kumtazama shemeji: "Shuka. Twende kwa mama."

Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua maharage. Mama Chuma hakukaa. Jambo hili alitaka kulisema amesimama.

"Mama, nilikwambia huyu amemuua nduguye. Si kweli. Trekta lilirudi lenyewe. Aliyeliharibu ni marehemu. Aliambiwa, hakusikia."

Vidole vya kikongwe vikasimama juu ya ungo.

"Unanirudishia mmoja, unaninyang'anya mwingine."

"Ndiyo, mama."

Kikongwe akarudia kuchambua. Kisha mama mkwe akasema, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Na kule bandani bado anaita?"

Mama Chuma akamsogelea. "Nawe unamsikia?"

"Nimzae halafu nisimsikie? Anadhani mdogo wake alimfanyia makusudi. Nani atamwambia?"

Shemeji alisogea, lakini Mama Chuma alikwisha kujifunga khanga vizuri, ameshageukia njia ya bandani.

"Nitamwambia mimi," alisema. "Akiwa hai hakunisikia hata siku moja. Sasa atakimbilia wapi?"