Sufuria Lililopinduliwa Mchana

Nyie vijana mtakaosoma haya, msisome mbiombio kama mnavyosoma kwenye simu. Mimi shule niliishia darasa la nne. Naandika polepole kwa mkono, mjukuu wangu ananirekebishia herufi. Maneno haruhusiwi kuyagusa, nimemkataza. Mnaniuliza kila siku, bibi umewezaje kukaa na nyumba hii ya Nangara miaka yote bila kuhangaika. Nitawaambia. Ila nitawaambia na pale nilipokosea, maana hilo hamniulizi.

Sabuni ya mche ukiinunua, usianze kuifulia siku hiyohiyo. Ikate vipande, ipange juu ya dirisha, iache ikauke wiki mbili. Sabuni mbichi inayeyuka mkononi kama mafuta, iliyokauka inakaa. Chenga za mkaa usizimwage. Zichanganye na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo, finyanga madonge, anika. Donge moja likishika moto linachemsha maji ya kuoga watu wawili. Mbaazi usiziache motoni mpaka ziive, utamaliza gunia la mkaa. Zichemshe nusu saa tu, kisha litumbukize sufuria na mfuniko wake kwenye kapu ulilolijaza matambara na blanketi kuukuu, funika vizuri, nenda kanisani. Ukirudi zimeiva. Mahindi nunua watu wanapovuna, usisubiri yaadimike halafu uanze kulalamika sokoni.

Mgeni naye ana utaratibu wake. Chai ya mgeni tia sukari kwenye birika kabla hujamletea. Ukimwekea bakuli la sukari na kijiko, wengine hawana huruma. Maji ya kunawa mpelekee mwenyewe, usimwambie bomba liko kule. Na usimuulize kama atakula. Ukimuuliza atasema ameshiba, hata kama ametoka Mbulu kwa miguu. Weka chakula mbele yake, kaa, kula naye. Hilo nalijua tangu niko msichana. Nalijua vizuri sana.

Sasa ugali. Nina kikombe cha bati ambacho kimebanduka rangi kwenye mkono. Hicho ndicho kipimo changu. Kila mtu wa nyumba hii ana kikombe chake cha unga, watoto nusu. Ugali ukiisha, umeisha. Hakuna kiporo, hakuna panya wanaokuja kutafuta kiporo. Saa nane mchana vyombo vyangu vimeoshwa na sufuria limepinduliwa juu ya kichanja nje, linakauka juani. Majirani walikuwa wanasema, ukitaka kujua saa, chungulia kichanja cha yule mama.

Kwa mama yangu kule milimani haikuwa hivyo. Mama chungu cha ugali hakukipindua mchana. Kilikaa karibu na moto, kimefunikwa, na ndani kimebaki kipande. Nikimuuliza cha nani, anasema hamjui, bado hajafika. Jioni hajafika mtu, tunakula sisi. Mimi nilipokuja mjini kuolewa niliona ule ni upotevu. Unga wa mjini unanunuliwa. Nikaanza kupindua.

Mume wangu alipofariki, wiki ileile watu walipotawanyika, nilipunguza kikombe kimoja. Binti yangu mkubwa, anayeuza mboga sokoni na anayeishi na mimi pamoja na mtoto wake, aliniona napima. Akaniambia, "Mama, hata arobaini haijafika."

Nikamwambia, "Arobaini haili ugali."

Hakuongea na mimi siku mbili. Nami sikuona tatizo. Sikuwa naona kitu kipindi kile. Nilikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi, unaukanyagia chini lakini husikii ardhi.

Kijana wangu wa mwisho alipohamia Singe na mke wake na mtoto, kwenye kile kiwanja walichonunua, nilifanya vilevile. Siku hiyohiyo waliyohama nikapunguza vikombe vyao. Yeye alikuwa bado anafunga kitanda kwenye mkokoteni aliponiona dirishani na kikombe mkononi. Akacheka, akasema, "Mama, ngoja basi nifike hata barabarani!" Tukacheka wote. Nilikuwa namtania, lakini pia nilikuwa napima.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja ya jua kali, kama saa tisa kasoro, nikamwona anaingia getini. Ana mfuko wa nailoni mweusi mkononi. Alisimama pale getini kidogo. Nilidhani anafunga komeo. Sasa najua alikuwa anaangalia kichanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unatembea na jua lote hili?"

"Napita tu. Mmeshindaje?"

"Tumeshinda vizuri. Kaa."

Akakaa kwenye kigoda chini ya baraza. Akauliza habari za goti langu, nikamwambia. Nikamuuliza habari za matofali, maana walikuwa wanafyatua matofali ya nyumba yao, akasema yanakwenda. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mmeshakula?"

Nikamjibu, "Zamani. Ungepiga simu, tungekupimia."

Akarudia lile neno. "Kunipimia."

"Ndiyo. Simu unayo."

Akacheka kidogo, akainamia mfuko wake. "Haya mama. Basi naomba maji."

Nikampa maji. Akanywa kikombe cha kwanza, akaomba cha pili. Alipokuwa anainuka ule mfuko ukagonga nguzo, ukatoa mlio wa plastiki tupu. Nikamuuliza kabeba nini. Akasema, kopo la misumari. Akaniaga. Nilimsindikiza mpaka getini, nikarudi nikaokota kile kigoda nikakiweka mahali pake. Unga ulikuwepo ndani. Mkaa ulikuwepo. Kusonga ugali wa mtu mmoja ni muda wa kuvuta pumzi tu. Sikusonga, kwa sababu saa ya kula ilikuwa imepita na vyombo vilikuwa vimekauka. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya kuwapa.

Mkwe wangu alikuja baada ya mavuno ya mbaazi kuazima ungo. Ni mwanamke asiyepayuka. Tulikuwa tunapepeta wote nyuma ya nyumba, nikamwambia mumeo siku hizi anapita kama mkaguzi, hakai. Akaendelea kupepeta. Halafu akasema bila kunitazama, "Mama, siku ile alikuja kula."

"Siku ipi?"

"Siku ya jua. Hela yote ilikuwa imeingia kwenye matofali. Tangu jana yake tulikuwa na uji wa mtoto tu. Akasema nakwenda kwa mama kula, nitawaletea na nyie. Akachukua kopo lenye mfuniko."

Ungo wangu ulisimama.

"Alinikataza nisiseme," akasema. "Usimwambie kama nimesema."

"Sasa mlikula nini?"

"Jirani alitupa maboga."

Nikamwambia apepete vizuri, makapi yanarudi kwenye mbaazi. Hilo ndilo nililosema. Sikulia. Watu wanadhani mama akiambiwa hivyo atalia. Nilimfungia ungo, nikamfungia na unga kwenye kanga, akaondoka. Nikachota maji ya kuoga, nikaoga, nikavaa. Kila kitu nilifanya kwa mpangilio wake.

Kuanzia hapo ndipo nilipofungua macho nikaona kitu ambacho kilikuwepo siku zote mbele yangu. Kijana wangu alikuwa anakuja. Hakuacha kuja. Jumapili baada ya ibada alipita, anasalimia, anarekebisha bawaba ya mlango, anamkemea mpwa wake kuhusu masomo. Lakini hakula. Tangu ile siku hakuwahi kula kwangu hata tonge. Nikileta chakula anasema, "Nimeshiba mama, nimetoka kula sasa hivi." Chai pia, nimetoka kunywa.

Dada yake alimchokoza. "Wewe kila ukija umetoka kula! Unakula wapi, kwa mchungaji?"

"Kwa mke wangu. Anajua kupika, si kama wewe."

"Mimi? Nani alikupikia mpaka ukaota ndevu?"

"Ndiyo maana zimeota tatu tu."

Walicheka. Sahani ikarudi jikoni ilivyo. Nikachinja jogoo Jumapili nyingine. Sikumuuliza, niliweka mbele yake kama ninavyowafundisha hapa, nikakaa, nikanawa. Paja nikaliweka upande wake. Akanawa na yeye, nikasema moyoni haya, imekwisha. Akakaa na mikono yake iliyolowa, anasimulia habari za fundi wa Nakwa aliyeweka dirisha juu chini. Alisimulia vizuri, tulicheka. Mikono ikakauka. Akainuka akasema, "Mungu akubariki mama, mimi nimeshiba kabisa." Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, mtu mwenye hasira unamwomba msamaha. Huyu alinisalimia kwa heshima, akanipigia bawaba zangu misumari, akaniaga.

Kumwomba msamaha nilishindwa. Mkwe wangu nilimwahidi alipokuwa anaondoka kwamba nitafanya kama sijui. Na hata bila hiyo ahadi, sijui ningeanzia wapi. Nilimlea mimi. Nikajiambia ni mtu mzima, akitaka atakula.

Basi Jumapili moja akaja na mtoto wake. Ana miaka sita, meno ya mbele hana. Walikuwa wametoka kanisani, ana gauni la njano na viatu vinavyombana, nikamvua. Tulikuwa na wali siku hiyo, na samaki wa ziwani wa nazi, binti yangu aliwapata kwa bei nzuri. Nikampakulia kwenye sahani ndogo yenye maua, nikamwekea mapajani.

Mtoto akaiangalia ile sahani. Akamwangalia baba yake. Akaisukuma kwangu kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu mzima.

"Nimeshiba bibi."

"Umekula nini?"

"Tumekula nyumbani." Kisha akanieleza vizuri ili nielewe, sauti ya kunifundisha: "Kwa bibi tunakuja tumeshiba. Baba amesema."

 Binti yangu alikuwa ameshika mwiko. Kijana wangu alitazama chini, akaanza kufunga kamba za viatu vyake ambazo zilikuwa zimefungwa. Mtoto alikuwa bado anaiangalia sahani. Macho yalikuwa kwenye samaki, mikono ameikalia. Sikumlazimisha. Ningemlazimisha angekula, na baba yake angebaki na aibu mbele ya mtoto wake, na aibu nilikwishampa ya kutosha.

Nikaichukua ile sahani nikaifunika na sahani nyingine, nikaiacha palepale mezani. Nikamvalisha mtoto viatu. Wakaenda.

Mimi na mume wangu tulizaa watoto sita, tukazika wawili. Nimezika na mume. Sikuwahi kukaa kwenye kigoda mchana bila kazi mkononi mpaka siku ile. Nilikaa. Kuku walipita, mjukuu wangu alipita na vyombo, akaosha, akaenda kwenye kichanja. Nikamwona analinyanyua sufuria analigeuza, kama nilivyomfundisha. Nikamwambia aliache. Akadhani nimeona kosa lake, akaanza kulisugua upya. Nikamwambia, liache, lirudishe ndani.

Sasa ni msimu wa pili tangu siku ile. Nyie mnaotaka niwaambie kwamba alikuja akala, sina hilo la kuwaambia. Anakuja, anasalimia, ameshiba. Nyumba yao imefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Kile kipande cha ugali tunachobakiza siku hizi tunakila wenyewe jioni, kimekauka pembeni, tunachovya kwenye maziwa. Binti yangu analalamika kuwa unga unaisha haraka. Unaisha haraka, ni kweli, nami sijambishia. Ila mwezi uliopita mtoto alikuja na mama yake, na watu wazima walipokuwa wanaongea uani, nilimwona kupitia dirisha amepanda kwenye kigoda. Alifunua mfuniko wa sufuria, akachungulia ndani, akaurudisha polepole usilie. Akatoka kucheza. Sikumwambia mtu.

Kwa hiyo sabuni kausheni, chenga za mkaa finyangeni, na mbaazi ziwekeni kwenye kapu. Hayo sijayaondoa. Nililoliondoa ni moja. Jioni ya ile Jumapili, jua likiwa bado juu ya miti, nilimwita binti yangu na mjukuu wangu jikoni, nikakishika kile kikombe cha bati mbele yao, nikawaambia:

"Kuanzia kesho pimeni kikombe kimoja zaidi. Msiniulize cha nani. Sufuria likae mezani limefunikwa, lisipinduliwe mpaka jua lizame. Na mtu akiingia getini, asiulizwe kama amekula, na asiambiwe angepiga simu. Afunuliwe sufuria."