Kipa wa Nakilala Anapohama

Miezi mingine ya mwaka simu ya Mwalimu Stefania Likwata ililia kama simu ya mtu yeyote. Lakini ulipofika msimu wa vyuo kupokea wanafunzi wanaohamia, kila ilipolia alisita kuipokea. Aliiacha iite kidogo, akijiuliza safari hii anachukuliwa nani.

Alikuwa mkufunzi wa jiografia katika Chuo cha Ualimu Nakilala, chuo kidogo kilichokaa katikati ya mikorosho upande wa juu wa Mchinga, na jioni alikuwa kocha wa timu ya mpira ya wasichana. Ukocha huo hakuna aliyempa. Aliona mabinti wanapiga mpira bila wa kuwaelekeza, akavua kandambili, akaingia uwanjani. Mpira aliujua tangu utotoni kwao Njinjo, ambako alicheza beki pamoja na kaka zake huku baba yake, katekista, akijifanya haoni. Enzi hizo haikuwapo timu ya kumsajili msichana wa Njinjo. Akasoma, akawa mwalimu, na mpira ukabaki ndani yake kama kiu.

Mwaka uliotangulia timu yake ilifika fainali ya vyuo vya kanda. Ilifungwa, lakini kwa mpira mzuri, na watu wa Lindi walisimama kuwapigia makofi. Furaha hiyo haikuimaliza hata likizo. Chuo kimoja kikubwa cha mbali, chenye uwanja wa nyasi na basi lake, kilianza kuwapigia simu mabinti mmoja mmoja na kuwaahidi kusoma bure. Muhula ulipofunguliwa, washambuliaji wote walikuwa wamehama, pamoja na mabeki wa kati na kiungo aliyekuwa akiichezesha timu nzima. Siku ya kwanza ya mazoezi Stefania aliwakuta waliobaki wamekaa chini, wamejiinamia kama watu waliofiwa.

Aliyesema alikuwa Bertha, golikipa, binti mrefu mwenye sauti ya kusikika hadi jikoni kwa wapishi.

"Madam, wale ni wasaliti. Mimi siendi kokote. Ukiona nimetoka Nakilala, ujue nimehitimu."

Stefania alimshika bega. Tangu siku hiyo aliyaegemea maneno hayo kama mtu anavyoegemea nguzo ya nyumba yake.

Basi akaanza kujenga upya. Jenipher, kiungo mfupi asiyechoka kukimbia, alimfanya nahodha. Alipita madarasani kutafuta miguu. Huko akampata Umi, binti wa Pande, ambaye alikuwa hajawahi kuvaa njumu maishani lakini alicheza netiboli tangu shule ya msingi. Baba yake Umi, mkulima mpole, alipanda gari mpaka chuoni kuja kuuliza binti yake atavaa nini. Stefania alimwamkia, akampa kiti, akamwonyesha suruali ndefu na mtandio wa kubana kichwani. Mzee akavigeuza mkononi, akasema, "Haya, mwalimu. Nimekukabidhi." Na neno hilo pia likamkaa Stefania moyoni, maana aliyekabidhiwa huulizwa.

Kisha akaja Grace. Huyu alihamia kutoka chuo kimoja cha upande wa Songea, na mara alipogusa mpira kila mtu aliona kwamba ni mshambuliaji wa kweli. Angeweza kuupokea kwa kifua, akageuka, na beki akabaki anatazama mgongo wake. Lakini hakuwa na maneno. Mazoezi yakiisha alikwenda zake bwenini, na Jenipher, aliyelala naye chumba kimoja, alisema nguo zake bado zi begini na begi lina kufuli.

"Huyu mpita njia," Bertha alisema, kwa makusudi Grace asikie. "Tunampasia leo, kesho anatufunga."

Stefania alimkemea, ila usiku huohuo neno lile lilimkosesha usingizi. Ni kweli alikuwa ameanza kuipanga timu yote imzunguke Grace. Akihama, je?

Mechi ya kwanza ya kirafiki, dhidi ya chuo kimoja cha Kilwa, ilikuwa aibu. Mabeki wapya walikimbilia mpira wote kwa pamoja kama kuku wakirushiwa mtama. Walifungwa mabao manane, na kama si mikono ya Bertha yangekuwa mengi zaidi. Asubuhi yake mkuu wa chuo, Mzee Dominick, alimwita Stefania.

"Mwalimu, mwaka jana tulipigiwa makofi," alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. "Mwaka huu tumechekwa. Tukichekwa tena Lindi, mwakani sipeleki timu ya wasichana. Wavulana wanautaka uwanja huohuo, nami sitakuwa na la kuwajibu."

"Wanajifunza, Mkuu. Nipe mashindano haya."

"Nimekupa. Lakini umenisikia."

Alikuwa amesikia vizuri. Alianza kuamka alfajiri akiwa ameng'ata meno. Darasani alichora ramani ya mikondo ya bahari, akajikuta ameweka mishale kama ya kupanga mabeki, na wanafunzi wakamwangalia. Mumewe Francis alimletea ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini aliyoipenda kuliko chakula chochote, akala miwili, akasukuma sahani.

"Unaumwa?" Francis aliuliza.

"Siumwi. Nasubiri tu kitu kibaya, na sijui kitatokea upande gani."

Kilitokea upande ambao hakuutazamia. Mashindano yakiwa yamekaribia, Mzee Dominick alimwita tena. Chuo kile kikubwa kimepiga simu. Kipa wao amevunjika mkono, wanahitaji mwingine haraka, na dirisha la kupokea wanaohamia linafungwa kabla mashindano ya Lindi hayajaanza.

"Wanamtaka Bertha," alisema mkuu. "Na Bertha amekubali. Alikuja kwangu juzi, akaniomba nisikuambie mpaka aseme mwenyewe. Naona hajasema."

Stefania alishika ukingo wa meza.

"Kibali ni changu," mkuu aliendelea. "Ila wewe ndiye kocha. Ukisema asubiri mpaka mashindano yaishe, nitamwambia asubiri. Huko watakuwa wameshafunga mlango, basi atabaki hapa."

"Nifikirie kwanza, Mkuu."

Jioni ile alisimama nyuma ya goli akimtazama Bertha akiruka. Sasa mambo mengi yalieleweka: kwa nini siku hizi mbili tatu binti yule hakumtazama machoni, na kwa nini kila Grace alipokosa bao alimrushia neno la kuchoma. Aliyewaita wenzake wasaliti alikuwa amebeba uhamisho wake kifuani, na ulimuunguza. Stefania aliona uchungu. Aliona na kitu kingine ambacho hakukipenda, kwamba neno moja tu kutoka kwake lingetosha kumzuia. Hakuna ambaye angemlaumu. Timu ingekuwa na kipa, mkuu angeridhika, na Bertha angesahau.

Mazoezi yalipoisha Grace alibaki chini ya mkorosho, anafungua bandeji aliyokuwa ameizungusha gotini. Stefania alikuwa hajawahi kuiona bandeji ile. Akaketi karibu naye.

"Linauma?"

"Likipata baridi tu, Madam."

"Uliumia wapi?"

Grace akaeleza, akiangalia goti badala ya mwalimu wake. Hakuanzia Songea. Alianzia chuo cha karibu na kwao, Songea wakamfuata kwa sababu ya mpira, wakamwahidi kusoma bure. Alicheza vizuri, kisha goti likateguka. Muhula uliofuata aliambiwa ile nafasi ilikuwa ya mchezaji, na yeye si mchezaji tena. Kocha aliyekuwa akimpigia simu kila siku hakupokea simu yake. Nakilala alikuja kwa sababu shangazi yake anaishi Mchinga na alikubali kumsaidia.

"Kwa hiyo hukuja kwa ajili ya mpira," Stefania alisema.

"Nilikuja kusoma. Mpira niliuona tu uwanjani, nikashindwa kukaa mbali." Akaikunja bandeji vizuri. "Bertha ananiita mpita njia. Simlaumu. Mimi mwenyewe sijui nitakaa wapi mpaka lini."

Stefania hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda bwenini, akamwita Bertha nje, wakasimama pembeni ya kamba za kuanikia nguo. Kabla hajasema lolote binti alikuwa ameshaanza kulia.

"Madam, nilitaka kukuambia. Kila siku nilitaka."

"Unataka kwenda?"

"Nataka. Wanacheza mbele ya watu, wana kocha wa makipa. Mimi nimejifunza kudaka kwa kukuangalia ukinirushia mpira na mkono unakuuma." Akajifuta kwa kiganja. "Lakini nilisema siendi. Wote walinisikia."

"Ulilosema utalibeba mwenyewe," Stefania alisema. "Mimi nina swali moja. Ukivunjika mkono kama huyo mwenzako, watakusomesha?"

Bertha hakuwa amewaza hilo. Ilionekana usoni.

Kesho yake Stefania alimpigia kocha wa chuo kile, mtu mwenye sauti tamu aliyemwita dada mara nyingi kabla hajafika kwenye jambo lenyewe.

"Akiumia?" Stefania aliuliza.

"Tumwombe Mungu asiumie, dada."

"Tutamwomba. Na akiumia?"

Mwishowe kocha alisema hayo si mamlaka yake. Stefania akajibu kwamba basi amtafute mwenye mamlaka, maana bila maandishi kwamba Bertha atamaliza masomo hata kama hatagusa mpira tena, kibali cha Nakilala hakitoki. Alilisema kwa uthabiti, ila alipokata simu akaanza kujiuliza. Mwenye mamlaka akisema hapana, je? Basi yeye Stefania atakuwa ameua safari ya binti wa watu. Na akisema ndiyo, atakuwa ameivunja timu yake mwenyewe.

Maandishi yalikuja siku mbili baadaye. Mzee Dominick aliyasoma, akamtazama juu ya miwani.

"Una kipa mwingine?"

"Sina, Mkuu."

"Haya. Mungu akusaidie."

Bertha aliondoka na basi la asubuhi. Wasichana wengine walikuja kumuaga, wengine hawakuja. Grace alikuja, akambebea begi hadi barabarani, na hakuna aliyejua walizungumza nini njiani.

Stefania akampa Umi glovu. Kama binti aliweza kudaka mpira wa netiboli ukija kwa juu, huenda angejifunza na wa chini. Siku zilizobaki alimrushia mpaka vidole vya Umi vikavimba, na kila alipoviangalia alimkumbuka yule mzee wa Pande akisema nimekukabidhi. Jenipher aliwapanga mabeki kwa kupiga kelele. Grace alibaki baada ya mazoezi kumpigia Umi mikwaju, bila kuombwa.

Bahati mbaya, Lindi mechi yao ya kwanza ilikuwa na walewale wa Kilwa waliowafunga manane. Stefania alikaa benchi, mikono kaibana katikati ya magoti. Mapema tu mpira mwepesi ulipita chini ya tumbo la Umi ukaingia wavuni. Watu wakaguna, wachache wakacheka. Kabla ya mapumziko likaingia la pili, kwa kona. Umi alitoka uwanjani macho mekundu, anasema hataki kurudi golini.

Stefania alifungua kinywa, lakini Grace aliwahi. "La kwanza ni kosa lako," alimwambia Umi. "La pili ni letu, hatukumkaba yule mrefu. Mimi nitarudi kumkaba kila kona. Wewe toka ukutane na mpira, usiungoje." Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Kipindi cha pili alirudi kweli kila kona, goti limefungwa, kisha akakimbia tena hadi mbele. Jenipher alimpenyezea pasi, Grace akamzunguka beki kama kawaida yake, akafunga. Nakilala wakasukuma, wakagonga mwamba. Karibu na mwisho, mshambuliaji wa Kilwa alibaki yeye na kipa tu. Stefania alifumba macho. Aliposikia kelele akayafumbua, akamwona Umi amelala miguuni mwa yule binti, mpira ameukumbatia.

Walifungwa mbili kwa moja. Mechi iliyofuata walitoka sare, na safari yao ikaishia hapo. Mzee Dominick, aliyekuja Lindi bila kumwambia mtu, alimfuata Stefania kando ya uwanja.

"Mmefungwa," alisema.

"Tumefungwa, Mkuu."

"Nilikaa na watazamaji. Mwishoni sikusikia mtu akicheka." Akapangusa miwani. "Mwakani pangeni tena. Wavulana nitazungumza nao."

Wiki kadhaa baadaye simu ililia wakati Stefania anasahihisha kazi za darasani. Alikuwa Bertha.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri." Kisha sauti ikapungua. "Tuko makipa watatu, Madam. Yule aliyevunjika anapona. Sijacheza hata mechi moja."

Stefania aliweka kalamu chini.

"Darasani unaingia?"

"Naingia."

"Mazoezini?"

"Kila siku."

"Basi endelea hivyo. Na unipigie hata kama huna jipya."

Walizungumza kidogo juu ya Umi na vidole vyake, na Bertha akacheka. Simu ilipokatika Stefania alikaa akiitazama. Hakujua kama alimtuma binti yule mahali pazuri au alimwachia tu aende, na alidhani hatajua kwa muda mrefu. Huko nje Jenipher alikuwa ameanza kuwakimbiza wenzake kuzunguka uwanja, pamoja na msichana mgeni ambaye Stefania hajawahi kumwona, anakimbia peku, mzito wa miguu lakini mwenye pumzi. Akachukua mipira, akashuka kwenda kumuuliza jina.