Tonge la Mkono wa Kushoto

Harufu ya dawa ya kuchua hunitia kichefuchefu mpaka leo. Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Lushoto, mzee mmoja akafungua kichupa cha dawa hiyo ainuse kabla ya kununua, nikatoka nje kutema mate. Muuzaji alidhani nina mimba. Msinicheke, nitawaambia kwa nini.

Mwaka ule dada yangu Neema alikuwa darasa la saba, mimi la tano, na shuleni kwetu kulikuwa kumeingia mchezo wa besiboli. Mgeni mmoja wa kujitolea alitufundisha, akaondoka, akatuachia magongo matatu na mwalimu wa michezo aliyejiona anajua yote. Kwa msioujua: mmoja anarusha mpira kwa nguvu, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Mrushaji wetu alikuwa Neema. Alikuwa na mkono, jamani! Mpira wake huuoni ukipita, unausikia tu umetua kwenye glavu. Usipodakwa uliteremka bondeni hadi kwenye kabichi za watu, nasi tukatukanwa.

Mimi nilipewa daftari. Kila Neema akirusha, nichore kijistari: umelenga, haukulenga. Nilijiona karani wa wilaya. Mwalimu alinisifu mbele ya wote, akasema hisia ni za waganga, sisi tunacheza kwa namba. Namba zenyewe zilikuwa za mechi tu. Mipira aliyorushishwa kila asubuhi kabla ya kengele, wiki baada ya wiki, nyasi zikiwa bado na umande, hakuna aliyeniambia niiandike.

Muhula ulipokaribia kwisha, Neema alianza kulala amejipaka dawa ya kuchua bega lote la kulia, chumba chetu kinanuka. Kisha siku moja, tumezunguka sinia la ugali na mnavu, akamega tonge kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto! Mnajua mkono ule una kazi gani. Mama alimpiga kofi la mkononi, tonge likaanguka, akamfokea kwa Kishambaa kitupu kwamba yeye hakuzaa mnyama. Mimi nikavuta mboga upande wangu kwa kinyaa. Neema alikula kwa mkono wa kulia, vitonge vidogo vidogo, machozi yakimlengalenga, tukadhani ni aibu.

Mechi ya mwisho walikuja watoto wa shule ya Soni. Katikati ya mchezo, tukiwa tunaongoza, Neema alinifuata pale nilipokaa. Yeye asingethubutu kumwambia mwalimu. Kwetu mtoto humpa mwalimu shikamoo, hampi ushauri. Lakini mimi mwalimu alikuwa ananiuliza mwenyewe.

"Akikuuliza, mwambie nimechoka," alininong'oneza. "Mkono hauinuki."

Mwalimu akaja kweli, akauliza daftari linasemaje. Nililitazama. Vijistari vilikuwa vimenyooka, vinapendeza, kazi ya mikono yangu.

"Hajakosa hata mmoja, mwalimu."

Akamrudisha uwanjani. Mpira wa tatu ulimponyoka ukaanguka miguuni pake, naye akakaa chini ameshika bega. Pointi za mwanzo zilitutosha, tukashinda. Mwalimu akaliinua daftari langu juu, nikapigiwa makofi, na mimi, mpumbavu mkubwa, nikatabasamu.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba mkono ule ulikuwa umeshasema, tena nyumbani, kwenye sinia, mbele ya macho yetu. Sisi tukaona utovu wa adabu. Mwalimu yule namchukia, sifichi. Lakini yeye hakunong'onezwa na mtu.

Bega la Neema halikupona sawasawa. Mwaka jana, kwenye harusi ya shemeji yake, alimega pilau kwa kushoto, mama mmoja wa ukweni akasonya, akauliza kama huyu kwao hakufunzwa. Neema akamjibu kwa upole kwamba amezaliwa hivyo. Hakunitazama. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, natafuna nyama, nikaendelea kula kwa mkono wangu wa kulia.